Nusu ya nyumba haina umeme, na fundi ni shemeji yangu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kila nikilianzisha jambo hili nyumbani, mazungumzo yanaanza na umeme na kuishia kwenye ugomvi wa ndugu.

Naishi na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe. Kwa sasa nyumba yetu upande mmoja una umeme na upande mwingine hauna. Sebuleni na vyumba vya mbele kila kitu kinafanya kazi. Kuanzia jikoni kwenda nyuma, soketi zote zimekufa: ya friji, ya kwenye meza ya jikoni, na zile za chumba ninachoshonea. Cha ajabu, taa za jikoni na za chumba cha kushonea zinawaka kama kawaida. Chumba cha mama mkwe, ambacho kiliongezwa baadaye, hakina soketi wala taa inayowaka.

Haikuja ghafla. Mwanzoni cherehani yangu ilikuwa inapoteza nguvu na kurudi. Friji inanguruma, inanyamaza, inaanza tena. Halafu siku moja upande wote ukazima na haujarudi mpaka leo. Majirani wana umeme. Breka zote ziko juu, hakuna iliyokata.

Aliyefanya wayaringi ya nyumba hii ni mdogo wake mume wangu. Aliifanya bila malipo, ikiwa zawadi yake kwetu tulipooana, na mimi sijausahau wema ule. Tulipomwita alikuja, akabadilisha soketi ya friji na za chumba cha kushonea. Haikusaidia. Akachomeka testa, tundu moja likawaka vizuri, la pili nalo likawaka hafifu. Akasema umeme upo, tena wa kutosha, vifaa vyenu ndivyo vibovu. Nikamwambia friji hiyohiyo ikichomekwa sebuleni inafanya kazi. Akanyamaza, kisha akasema tusubiri, akipata nafasi atarudi.

Tangu hapo tunaishi kwa ekstensheni moja. Tumeichomeka kwenye soketi ya sebuleni iliyo karibu na mlango wa jikoni, inapita chini ya zulia, inalisha friji, cherehani, pasi na taa ya mama. Juzi nilipotaka kuchomoa plagi yake nikakuta ni ya moto hata vidole vikakataa. Pembeni ya tundu moja plastiki imegeuka kahawia, na nikipiga pasi ukuta pale unatatarika kidogo. Mume wangu anasema kama kungekuwa na hatari, breka ingekata.

Shemeji sasa ametoa wazo la kututengenezea waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja tuchomeke kwenye soketi nzima, upande wa pili kwenye soketi iliyokufa, nyuma kote kuwake wakati tunamsubiri.

Ninayo namba ya fundi mwingine, mwenye leseni. Nilipomtaja, mume wangu alinijibu hivi: "Ukimleta mtu wa nje afungue kazi ya ndugu yangu, umemvua nguo." Nikasema basi tuwaite watu wa shirika la umeme. Hilo nalo hataki, anaogopa watakagua na kutukatia nyumba nzima.

Hivi karibuni atasafiri kikazi. Nawaza kumwita yule fundi siku hizo, amalize, mume wangu akirudi akute umeme umerudi na mimi nikae kimya. Ila sijawahi kumficha kitu. Kazi ya kushona ndiyo inayonipa hela ya mkononi, na imelala. Nifanye kwa siri, au niendelee kusubiri? Wakati mwingine najiambia nusu ya nyumba inawaka, labda nakuza jambo dogo.

Mshonaji

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma taratibu na kuirudia, kwa sababu umeniandikia mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni hitilafu ya umeme. La pili ni heshima: ya shemeji yako, ya mume wako anayesimama katikati, na yako wewe ambaye unaona kitu kwa macho yako na kuambiwa hakipo.

Nianze na sentensi yako ya mwisho, kwamba labda unakuza jambo dogo. Hukuzi. Umeme ukikatika mtaa mzima, mara nyingi chanzo kiko mbali na nyumba yako, na kazi yako ni kungoja. Ukikatika nusu ya nyumba huku nusu nyingine inafanya kazi, mara nyingi kuna mahali waya umeachia, na nyumba bado inasukuma umeme kuelekea pale pale palipoachia. Plagi ya moto, plastiki ya kahawia na ukuta unaotatarika ni dalili za joto kwenye kiungio kilicholegea. Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo halingoji uamuzi wako kuhusu fundi: soketi ile ya sebuleni ipumzike leo. Zima kwanza breka inayoilisha, ndipo uchomoe plagi, usiichomoe ikiwa inafanya kazi. Hilo halimvui mtu nguo.

Mume wako anasema breka ingekata. Wengi tunaamini hivyo, na kwa kweli breka ni kifaa kizuri, ila kazi yake ni kuangalia wingi wa mkondo. Kifaa cha wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampia 10. Kwa breka ya ampia 16 au 20, hizo ni za kawaida kabisa. Sasa ampia hizo 10 zikipita kwenye skrubu iliyolegea yenye ukinzani wa nusu omu tu, pale kwenye skrubu panazalika joto la wati 50, kwenye sehemu isiyozidi ncha ya kidole, ndani ya ukuta, muda wote pasi inapofanya kazi. Breka haioni chochote, kwa sababu mkondo haujazidi. Hata ile breka kubwa yenye kitufe cha kujaribia, ambayo aghalabu huwekwa ikate umeme ukivuja kufikia miliampia 30, nayo haioni, kwa kuwa hakuna kinachovuja. Mweleze hivyo kwa upole. Sidhani kama anakupuuza. Anakitegemea kifaa kwa kazi ambayo hakikuundwa kuifanya.

Nije kwenye testa ya shemeji yako. Hapo umenipa habari kubwa kuliko unavyodhani. Alisema umeme upo kwa kuwa taa ya testa iliwaka. Kuwaka kweli iliwaka. Lakini umeme ni safari ya kwenda na kurudi: waya wa moto unapeleka, nyutro inarudisha. Taa ndogo ya testa inahitaji mkondo mdogo mno, ule unaopita mwilini mwa anayeishika bila yeye kuusikia, kwa hiyo inaweza kuwaka vizuri kwenye waya ambao hauna njia ya kurudi. Na lile tundu la pili kuwaka hafifu ni dalili wanayoijua mafundi. Nyutro ikikatika mahali, na huko mbele kuna kifaa kimeachwa kimewashwa, labda taa ya mama mkwe iliyobaki kwenye "washa", umeme unapita ndani ya kifaa hicho na kutokea kwenye nyutro, halafu unakwama hapo. Matundu yote mawili yanakuwa na moto, na cherehani haizunguki. Kwa hiyo inawezekana kabisa vifaa vyako ni vizima, shemeji naye aliona alichokiona, na tafsiri ndiyo iliyokwenda pembeni. Fundi mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia volti, angepima kati ya waya wa moto na ethi, yaani waya wa ardhini, kisha kati ya moto na nyutro, kifaa kikiwa kimechomekwa na kuwashwa. Ikisoma karibu volti 230 kwa kipimo cha kwanza na karibu sifuri kwa cha pili, amepata jibu.

Angalia pia hatari iliyojificha humo. Waya wa nyutro ambao kila mtu anadhani ni salama, ukikatika hivi unaweza kumpiga mtu shoti sawasawa na waya wa moto. Soketi iliyokufa haijawa salama. Watoto wasichezee matundu yale kwa kuwa tu hayawashi kitu.

Kuna swali ambalo natamani ungelijua kabla ya kuzungumza na yeyote: vitu vilivyokufa vina uhusiano gani? Taa za jikoni zinawaka na soketi za jikoni hazifanyi kazi, kwa sababu kwa kawaida taa huwa na laini yake na soketi laini yake. Taa ya mama mkwe imekufa pamoja na soketi, na chumba chake kiliongezwa baadaye. Huenda basi chumba kizima kilivutwa kutoka laini ya soketi. Sasa chukua karatasi. Mchana, ukiwa umechomoa friji, cherehani na pasi, zima breka moja moja na uandike kila moja inazima nini. Usifungue mfuniko wowote wala kugusa skrubu, ni vishikio vya mbele tu. Ukikutana na breka ambayo kishikio chake kimekaa katikati, ishushe chini kabisa kwanza ndipo uipandishe, maana breka iliyokata haianguki yote kila mara na kwa mbali huonekana iko juu. Ikikata tena, iache chini.

Ninachotaka ukitafute hasa ni breka ya ile soketi ya sebuleni yenye rangi ya kahawia, kama inaonekana ndiyo hiyohiyo inayolisha soketi za nyuma. Labda breka zina maandishi, au shemeji atakumbuka alivyozigawa. Nyumba nyingi soketi zake hufungwa kwa kufuatana, waya unaingia soketi hii na kutoka kwenda inayofuata. Laini kama hiyo ikifa kuanzia mahali fulani, ubovu mara nyingi uko kwenye soketi ya kwanza iliyokufa au kwenye ya mwisho iliyo hai. Shemeji alibadilisha zilizokufa. Hukuniambia kama aliifungua ile ya mwisho inayofanya kazi. Na kwa maelezo yako, ya mwisho inayofanya kazi ni ileile mliyoichomekea ekstensheni. Siwezi kuapa kwamba ndipo penyewe, kwa kuwa sijaiona nyumba na zipo nyumba ambazo laini yake huzunguka na kurudi ilikoanzia. Lakini ikiwa ndivyo, basi mzigo wote wa nyuma mmeupitisha kwenye kiungio kilekile kinachoungua.

Ndiyo maana wazo la waya wenye plagi pande mbili limenitia hofu kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Huenda kweli ungewasha nyuma, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu mngeona limefanikiwa. Plagi moja ikichomoka, au mtoto akiivuta, meno yake yanabaki nje yakiwa na moto. Soketi ya kahawia ingebeba friji, cherehani, pasi na chumba cha mama kwa pamoja. Na laini ya nyuma ikilishwa kutoka breka nyingine, atakayezima breka yake ili aitengeneze atadhani iko salama, na haiko. Huyo atakayeshika waya anaweza kuwa shemeji yako mwenyewe. Nadhani akiambiwa kwa sura hiyo, kwamba unamhofia yeye, atakusikia tofauti.

Jambo moja hukuniambia: taa za upande unaowaka zina mwanga wake wa siku zote? Uliza na watoto. Kama zinafifia, au zinang'aa kupita kawaida pasi ikiwashwa au ikizimwa, tatizo linaweza kuwa nje ya laini moja. Nyumba yenye umeme wa njia tatu, yaani inayoletewa nyaya tatu za moto, ikipoteza njia moja, sehemu fulani huzima na nyingine huendelea bila shida. Lakini ikipoteza nyutro kuu, vifaa vya njia mbili hujikuta vinagawana karibu volti 400 kati yao, vyumba vingine vinafifia na vingine vinang'aa, na televisheni na chaja zinaungua. Ukiona hivyo, zima swichi kuu na uwapigie simu watu wa shirika la umeme saa hiyohiyo, hata kama mume wako yuko safarini. Hilo ni lao, halina shemeji ndani yake.

Sasa tuje kwenye nyoyo za watu.

Umeandika kana kwamba mbele yako kuna njia mbili tu, siri au kusubiri. Kusubiri kunalinda amani ya leo, na kwa heshima ya zawadi ile ninaelewa kwa nini unakuvumilia. Hatari yake ni kwamba "akipata nafasi" haina tarehe. Ukichagua kusubiri, subiri na breka ile ikiwa chini. Huenda ukapoteza soketi za sebuleni pia, na friji ikahitaji kupelekwa kwenye soketi ya laini nyingine yenye afya, ikichomekwa moja kwa moja ukutani. Kama hamna budi kutumia ekstensheni, nayo itoke kwenye laini hiyo nyingine, ikunjuliwe yote, itoke chini ya zulia inakofichwa ikipata joto, na isibebe pasi. Ni usumbufu mkubwa, najua. Lakini usumbufu huo utampa mume wako picha halisi ya mlipofika, kwa sababu kwa sasa ekstensheni inamwonyesha kwamba mambo yanaenda.

Siri nayo nimeipima. Faida yake ni kwamba ubovu unaweza kuondoka mapema, na wewe ukarudi kwenye cherehani yako. Lakini fikiria shemeji akirudi siku moja, akafungua soketi na kukuta mkono wa mtu mwingine. Aibu unayotaka kumwepusha itamfika kwa njia mbaya zaidi, na mume wako atakuwa amejua mambo mawili kwa mpigo. Zaidi ya hapo, fundi wa siri anafanya kazi kwa haraka, na kazi hii si ya haraka. Anaweza kukaza skrubu moja, umeme ukarudi, na waya wa chumba kilichoongezwa ukabaki haujapimwa. Sisemi kwamba mke hana haki ya kumwita fundi nyumbani kwake. Unayo. Nasema tu uijue gharama yake kabla hujailipa, na ulinganishe na ile ya kumwambia mume wako usoni, kabla hajasafiri: "Nitamwita fundi, na ninakwambia ili nisikufiche." Huenda akakasirika. Hasira ya namna hiyo huwa na mwisho mwepesi kuliko ya kugundua.

Ipo njia ya kati ambayo sijui kama mmeijaribu. Badala ya kuomba mtu wa nje *atengeneze* kazi ya shemeji, omba nyumba *ipimwe*, na shemeji awepo. Nyumba zote hustahili kupimwa, hata zilizofungwa na mabingwa. Skrubu ya waya inapata joto na kupoa kila siku, miaka kwa miaka, na huweza kulegea hata kama siku ya kwanza ilikazwa barabara. Kwa hiyo si lazima hitilafu hii iwe ushahidi wa kazi mbovu, na nakuomba wewe mwenyewe ujiulize kama moyoni hujaishamhukumu. Ukimpelekea ile karatasi yako na swali, "Shemeji, hii ya sebuleni uliifungua?", unampa nafasi ya kulipata jibu kwa mikono yake. Njia hii nayo ina mashimo. Anaweza kuliona swali kuwa mtego, au akaja peke yake bila multimita na kurudia yaleyale. Fundi wa leseni naye anaweza kuwa na mdomo mkali mbele ya mwenzake, hivyo mwombe mapema kwa simu azungumze kwa staha.

Kuhusu hofu ya kukatiwa, mume wako hajaitoa hewani. Kwa kawaida jukumu la shirika la umeme huishia kwenye mita, na waya za ndani ni za mwenye nyumba, lakini wakikuta hatari wanaweza kukata mpaka irekebishwe. Nadhani hofu yake ina kitu kingine chini yake, pengine gharama, pengine wasiwasi kwamba kazi ya mdogo wake haikuwahi kukaguliwa. Mwanamume anayesema "umemvua nguo" mara nyingine anazungumzia nguo zake mwenyewe. Muulize mkiwa wawili, usiku, bila watoto wala mama, na usianze na shemeji. Anza na ile plagi iliyokuunguza vidole.

Na mama mkwe? Yeye ndiye analala chumba kisicho na taa, akitegemea taa ya waya unaopita chini ya zulia, na katika barua yote hajasema neno. Ni mama wa wote wawili. Neno lake linaweza kufungua mlango ambao wewe huwezi kuusukuma. Linaweza pia kumweka katikati ya wanawe akaumia, kwa hiyo usimtume. Mkae naye tu, umsikie analionaje jambo hili, na umwombe kwa sasa taa ile ya chumbani aiache kwenye "zima".

Niandikie tena ukimaliza karatasi yako ya breka. Nataka hasa kujua ile soketi ya sebuleni iko kwenye breka ipi, na shemeji alijibu nini ulipomuuliza.